Sauti Ipite Mbele

Benchi ni langu. Nalisema mapema kwa sababu wanaolikalia husahau. Nililigongelea misumari mwenyewe mbele ya saluni yangu, hapa Piasa, mjini Desie, Uhabeshi, ili wateja wapate pa kungojea wembe. Sasa wateja husimama, benchi lina wenyewe. Yuko Gashe Tesema, mzee wetu, na Gashe ni jina la heshima, tunamwita Redio: enzi za simu za kuchomeka nyaya yeye ndiye aliyekuwa akiwaunganisha watu posta, na tangu astaafu hajazimwa. Yuko Yimam, tunamwita Isuzu, kwa sababu ya lori analoendesha na kwa sababu mdomo wake hauna breki. Na yuko Demeke, fundi wa mitandao, ambaye mwaka jana tulimwita Injinia na siku hizi tunamwita Demeke tu. Mbele yetu, juu ya majani mabichi aliyoyatandaza chini, huketi Lubaba na makaa yake na jebena lake, lile birika jeusi la udongo, akitupikia kahawa mizunguko mitatu kama alivyofundishwa na mama yake: abol, tona, na ya tatu, ambayo jina lake ni baraka. Ukiondoka kabla ya ya tatu, umejinyima mwenyewe. Zamani tulikuwa tukimwita Mama Toyba. Tumeacha. Hatukukaa kikao tukakubaliana, kila mtu aliacha kivyake.

Toyba ndiye binti yake wa pekee. Alikwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani, kama walivyokwenda mabinti wengi wa huku, na kila Ijumaa alikuwa akipiga simu kwa Abdu, kule chini kwenye nyumba ya simu za intaneti, ambako akina mama hukaa kwenye viti vya plastiki wakingoja zamu. Kisha kabla ya Ramadhani akapiga Jumapili, siku isiyokuwa yake. Abdu alituma mtu mbio, Lubaba akaacha jebena motoni akakimbia na shuka lake likiburuzika. Alirudi akasema simu ilikuwa inakatakata, hakushika neno. Tangu siku hiyo Toyba hajapiga tena. Namba yake haiiti. Dalali aliyempeleka anasema tuwe na subira. Ramadhani ilipita, Idi ikapita, na ile kubwa ya kuchinja nayo imepita, na Lubaba anachotaka duniani ni kitu kimoja: kujua mwanawe alisema nini siku ile.

Basi jana alasiri tumekaa, abol inachemka, mara Demeke huyo, matope mpaka magotini.

— Nimetoka Tosa, akasema kabla hajakaa. Nimemaliza. Kuanzia leo kwa Abdu hakuna tena simu za kukatakata.

— Tosa mlimani, na tope hili? akasema Isuzu. Lakini ndiyo hivyo kaka, ukitaka cha mvunguni sharti uiname.

— Nimepanda mlima, sijainama.

— Ndiyo hiyo hiyo.

Redio hakucheka. Aliweka fimbo yake katikati ya magoti.

— Wewe Demeke, umekwenda kufanya nini huko? Kazi si ulishaimaliza mwaka jana? Si uliketi hapo hapo ukatuambia sauti sasa ni mfalme?

Kweli alituambia. Nakumbuka vizuri, kwa sababu siku hiyo sikunyoa mtu yeyote. Abdu alikuwa amechoka na malalamiko: ghorofani vijana wanatazama mpira wa Uingereza na kushusha sinema, chini akina mama hawapati simu, na vyote hivyo vinapita kwenye njia moja nyembamba kati ya nyumba yake na mnara wa Tosa. Akamwita Demeke. Naye alipomaliza alikuja hapa akatufundisha kwa vikombe vya Lubaba. Kikombe cha kwanza anapewa nani? Gashe. Hata akifika wa mwisho? Hata akifika wa mwisho. Basi ndivyo nilivyoiambia ruta ya Abdu, kile kisanduku kinachogawa intaneti, akasema: njia ikijaa, kila kitu kipange foleni, lakini ukiona sauti, itoe kwenye foleni ipite mbele. Picha ikichelewa kidogo hakuna anayekufa. Sauti haingoji. Tulimpigia makofi. Lubaba alimwekea sukari mara mbili, akamwombea dua ya kupata watoto wengi.

Sasa Lubaba alikuwa ameinama akipepea makaa. Sisi tukaendelea kama vile hayupo, na hilo ndilo linalonikera mimi kuhusu sisi.

— Mimi nitawaambia tatizo, akasema Redio. Hawa vijana hawajui kwamba sauti ina uzito. Nimeshika nyaya kwa mkono huu miaka na miaka. Mtu akipiga kusema amezaa mtoto wa kiume, waya unakuwa mwepesi, hata mkono hausikii. Mtu akipiga kutangaza msiba, waya unazama. Unauona kabisa unalegea kati ya nguzo na nguzo.

— Gashe, siku hizi hakuna waya, nikasema. Hewani kule.

— Basi ndiyo mbaya zaidi! Waya ulikuwa unalegea lakini unabeba. Hewa itabeba nini?

— Mzee anatupanga huyu, akasema Isuzu. Sikilizeni mimi mwenye safari. Nimefika Jibuti na lori, nimeiona ile bahari kwa macho yangu. Sauti ya binti ikitoka kule lazima ipite chini ya maji, kuna bomba. Chumvi ile inakula chuma, nimeona malori yameoza milango. Itashindwa kula sauti ya msichana? Sauti ya mwanamume inapita imechubuka. Ya msichana, inafika mifupa.

— Mbona ya Lubaba kwenda kule haikuliwa? nikauliza. Akina mama wote si wanasema watoto wao wanawasikia vizuri?

— Ya kwenda inateremka, kinyozi. Sisi tuko juu milimani, wao wako chini. Kila kitu kinateremka kirahisi. Mchumia juani hulia kivulini.

— Hiyo methali imeingiaje hapa?

— Imeingia imekaa. Wewe nyoa watu.

Lubaba akamimina abol. Cha kwanza kwa Redio, kisha Isuzu, kisha mimi, na cha Demeke mwisho kwa sababu ndiye mdogo. Demeke alikipokea kwa mikono miwili lakini hakukinywa.

— Mimi nawaambia kuna mashine, akaendelea Isuzu, sasa anateremka Tosa bila breki. Matajiri wa kule wameinunua. Inakaa ukutani karibu na simu. Msichana akisema mvua, mazao, harusi ya fulani, inapitisha. Akisema naumwa, sijalipwa, nimefungiwa mlango, inakata. Kwa nini simu ya Ijumaa ilikuwa safi na ya Jumapili ikakatika? Ijumaa alikuwa anasalimia. Jumapili alikuwa na jambo.

Hilo la mwisho halikuwa la kipuuzi. Kila mmoja wetu alikuwa amelifikiria nyumbani kwake akiwa peke yake. Anayepiga siku isiyo yake ana jambo.

— Hakuna mashine, akasema Demeke.

— Unajuaje?

— Jumapili ni siku ya mpira.

Aliweka kikombe chini majanini. Alikuwa akitazama viatu vyake.

— Ghorofani walikuwa wamejaa, wanatazama mpira. Huo mpira unatoka wapi? Unatoka mnarani unakuja kwa Abdu. Unateremka. Na sauti ya Toyba nayo inateremka, njia hiyo hiyo. Sasa mimi nilikaa kwa Abdu, kwenye kiti, nimekunywa na chai, nikaiambia ruta yake: sauti ipite mbele. Ruta ya Abdu inapanga foleni ya vitu vinavyotoka kwa Abdu. Vinavyokuja kwa Abdu vinapangwa na ile ya Tosa. Ile ya Tosa sikuiambia kitu.

— Hebu rudia, akasema Redio. Taratibu.

— Gashe, ni mlango wenye foleni mbili. Wanaotoka na wanaoingia. Nikaweka askari kwa wanaotoka, akawa anasema, mzee pita, mzee pita. Kwa wanaoingia sikuweka mtu. Mzee akasukumwa na vijana wa mpira.

— Na hukuona?

— Nilijaribu. Nilimpigia binamu yangu yuko Jida. Nikamwuliza, unanisikia? Akasema nakusikia kama umelala kitanda cha pili. Nikafunga boksi la vifaa.

— Naye ulimsikia?

— Nilimsikia. Ilikuwa asubuhi, hakuna mpira, njia nyeupe. Nilijaribu foleni wakati hakuna foleni.

Redio alitikisa kichwa. Nilidhani atamvurumishia fimbo.

— Sisi tulikuwa tunaulizana pande zote, akasema. Unanisikia? Nakusikia. Nami nakusikia. Ndipo unachomoa mkono. Mpaka msikizane wote wawili. Nilisimamishwa kazi wiki nzima kwa kusahau hilo mara moja.

— Akina mama waliniambia, Gashe. Walikuja wakasema, fundi, wao wanatusikia, sisi hatuwasikii. Nikawaambia Abdu abadilishe vile vya kuvaa masikioni.

Na sisi tulicheka, siku hiyo. Isuzu alisema akina mama wa Desie wamekuwa viziwi kwa kelele za waume zao, na mimi nilicheka na mkasi mkononi mpaka nikamkata mteja sikio kidogo. Lubaba alikuwa pale pale, akikaanga buni. Roho iliniuma kulikumbuka hilo, tena iliniuma vibaya.

Lubaba akakusanya vikombe, akavisuuza, akaweka tena jebena motoni. Tona. Hakumwaga hata tone. Ningependa angemwaga, angetupa la kufanya, tungesema pole, tungempa maji. Alimimina tu, mmoja mmoja, na alipofika kwa Demeke akaona cha kwanza bado kimejaa, akakimwaga majanini akamtilia kingine cha moto.

— Kunywa, mwanangu. Umetoka mlimani.

Demeke akanywa. Alikunywa kwa mkupuo, lazima alijiunguza.

Redio akasogeza fimbo, akatoa ile sauti yake ya kutangaza, lakini ya chini.

— Lubaba, usivunjike moyo. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja. Maneno ya mtoto yalisemwa. Hayawezi kuwa hayapo. Yako njiani. Foleni imewachelewesha watu wangapi, na wote wakafika? Huyu si ameshaitengeneza sasa? Basi yatafika.

Lubaba alimtazama Demeke. Alimtazama kwa matumaini, na hapo nikatamani niingie ndani ya saluni nikafagie nywele.

— Eti ni kweli? akauliza. Yanaweza kuja?

Angeweza kudanganya. Mimi ningedanganya, naapa.

— Hapana, mama, akasema Demeke. Picha ikipotea njiani hutumwa tena. Sinema, barua, vyote hutumwa tena mpaka vifike. Sauti haitumwi tena. Ikichelewa kidogo tu hutupwa. Imetengenezwa hivyo, kwa sababu neno la jana likiingia katikati ya maneno ya leo watu hawataelewana.

— Hutupwa wapi?

— Hakuna mahali. Hutupwa tu.

— Wee, haiwezekani! Isuzu akaruka. Kitu kitupwe kisiwe na mahali? Takataka yenyewe ina mahali. Mimi nitakwambia sauti zinakwenda wapi. Ruta yako si iko Tosa? Na nani analia Tosa kila jioni mpaka watoto wanajificha? Fisi. Zamani fisi walikuwa wanacheka, mtu yeyote mzima atakwambia. Siku hizi wanalia. Wameokota sauti za watoto wetu. Mnatupa sauti za wasichana mlimani, fisi wanazila, halafu usiku tunafunga madirisha tusisikie mabinti zetu wenyewe wanatuita!

Aliposema hivyo sauti yake ikakatika, na mimi nikakumbuka kwamba Isuzu naye ana dada Kuwaiti. Huwa hamtaji. Akajifanya anakohoa, akasema moshi wa makaa umezidi.

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, jambo la Isuzu lilikaa benchini bila mtu wa kulifukuza, na Redio mwenyewe akageuka akautazama mlima.

Wakati huo akatokea Senait, huyu mshonaji aliyepanga chumba cha pili kutoka kwangu. Ana siku chache tu hapa, ametoka Kombolcha, bado anasalimia kila mtu kwa jina kamili. Alikuwa amesimama mlangoni kwake na utepe wake wa kupimia shingoni, na nadhani alikuwa ametusikia kitambo, kwa maana kijiwe chetu hata wafu wa makaburi ya juu wanakisikia. Lubaba akampa kigoda, kama inavyotakiwa, akamsogezea sahani ya shayiri iliyokaangwa.

— Umewahi baraka, akamwambia. Kaa. Mgeni hapiti hivi hivi.

Senait akakaa, akashukuru, akachukua punje mbili tatu za shayiri asizile.

— Samahanini, akasema. Mimi mgeni, labda sijafuata vizuri. Fundi amesema sauti za kwenda zilikuwa zinapita mbele. Kwa hiyo siku ile ya mpira, binti alikuwa anamsikia mama yake vizuri?

— Vizuri kabisa, akasema Demeke.

— Kila neno?

— Kila neno.

— Sasa, akasema Senait, na aliuliza kwa upole, kama anavyomwuliza mtu kipimo cha mkono, huyo binti alisikia nini?

Miezi yote hii tumechambua kilichotoka kule. Tumekisafirisha chini ya bahari, tumekipima uzito, tumewalisha fisi. Kilichotoka hapa hakuna aliyekiuliza. Tulimtazama Redio, Redio akatazama fimbo.

— Alhamdulillahi, akasema Lubaba.

Nilidhani anamshukuru Mungu kama tunavyofanya sote tunapokosa la kusema. Nikaitikia.

— Hapana, akasema. Ndivyo nilivyomwambia. Alhamdulillahi.

Alikuwa ameshika jebena kwa mkono mmoja na kile kikombe cha mgeni kwa mwingine. Hakumimina.

— Mnajua salamu zetu. Umeamkaje, nyumba ikoje, jirani wakoje, ng'ombe, mvua, afya, tena umeamkaje. Mtu wa Wolo, mkoa wetu huu, akikusalimia kahawa inapoa. Toyba ni mtu wa salamu hasa, nimemlea hivyo. Nikashika simu nikasikia, mama. Halafu kimya, kama maji. Halafu, mama. Halafu kimya. Nikajua tuko kwenye salamu. Nikasema moyoni, nikianza kumwambia sikusikii, sikusikii, ataona mama amezeeka, atapata wasiwasi kazini. Basi kila aliponyamaza nikamjibu. Alhamdulillahi mwanangu. Sisi wazima. Alhamdulillahi. Sawa mwanangu. Tunamshukuru Mungu, nawe mshukuru. Sawa, sawa.

Senait aliweka mkono mdomoni. Demeke alikuwa amefumba macho.

— Mwishoni nikasikia sauti inakatika katika. Hivi. He, he, he. Nikafurahi. Toyba akicheka hucheka hivyo hivyo, kwa vipande, tangu mdogo. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, mtoto ana furaha. Nikacheka naye. Nilicheka sana, Abdu aligeuka akanitazama. Kisha simu ikakatika.

Kilio nacho kikikatwakatwa njiani husikika hivyo hivyo. Lori la mtu lilipita na honi. Isuzu, ambaye hakuna honi ya Desie asiyoijibu kwa tusi, hakuinua hata kichwa.

Lubaba akamgeukia Demeke. Hakuwa na hasira. Ndiyo maana sijalala vizuri.

— Demeke mwanangu, akasema, wewe ndiye unayejua mambo haya. Kicheko changu nacho ni sauti? Nacho kilipita mbele?

Demeke alimtazama Redio, akamtazama Isuzu, akanitazama mimi mwenye benchi, mmoja baada ya mwingine, kama mtu aliyefika foleni akakuta hakuna aliye mbele yake. Redio alianza methali, nilimsikia, ilianza na neno maji, akaiacha hapo hapo.

Lubaba akakumbuka mgeni, akainamisha jebena juu ya kikombe. Kwa mzunguko wa tatu huongezwa maji juu ya mashapo yale yale, lakini alikuwa amesahau kuongeza, na yalitoka matone meusi mawili na mashapo. Akamwomba Senait radhi. Akasema kahawa imekwisha, tumwie radhi sote, kesho atatwanga nyingi zaidi.